WALEZI WA VIJANA WA KIKRISTO PWANI YA CABO DELGADO: KAZI ISIYONGOJA AMANI

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi, kwani akikauka hakunjiki. Methali hii inajulikana kwa kila mzazi, na aghalabu hutajwa pale kijana anapokuwa amekwisha potoka. Lakini ipo nchi jirani ambako methali hiyo imepata uzito mkubwa zaidi, kwa sababu wanaotaka kumkunja kijana ni wengi, na baadhi yao wameshika bunduki.

Huko ni mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Jamaa nyingi za askari zimelizoea jina la mkoa huo kwa sababu ya barua na simu za baba, kaka au mume aliyepelekwa huko. Mwezi wa Julai 2021 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilipeleka majeshi yake katika ujumbe ulioitwa SAMIM, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotoa askari. Ujumbe huo ulipomaliza kazi yake mwaka 2024, askari wa Tanzania walibaki katika wilaya ya Nangade, kando ya Ruvuma, kwa makubaliano ya nchi hizi mbili.

Vita vyenyewe vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, pale watu wenye silaha walipovamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2022 watu zaidi ya 4,000 walikuwa wameuawa, na katika mwaka 2021 waliokuwa wamezikimbia nyumba zao walipita 800,000. Habari za mapigano hayo zimeandikwa mara nyingi. Habari isiyosomwa sana ni ile ya wanaume na wanawake wasio na silaha wala mshahara, ambao kazi yao ni kukaa na vijana, kuwafundisha, kuwafariji na kuwazuia wasikate tamaa. Hao ni walezi wa vijana wa makanisa ya Kikristo.

NI WATU GANI HAWA?

Pwani ya Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, Pangane, Quissanga na kisiwa cha Ibo, ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa. Wenyeji wake wengi ni Wamwani, watu wa bahari, ambao lugha yao ya Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Juu kidogo, katika nyanda za Mueda na Muidumbe, wanaishi Wamakonde, ambao wengi wao ni Wakatoliki. Kusini wako Wamakua, Waislamu na Wakristo pia. Kwa jumla zaidi ya nusu ya watu wa mkoa ni Waislamu, na Wakatoliki ni zaidi ya theluthi moja. Yako pia makanisa ya Kiprotestanti, pamoja na Kanisa Anglikana la Msumbiji na Angola, lililopata kuwa provinsi yake lenyewe mwaka 2021.

Katika makanisa hayo mapadre na wachungaji ni wachache, na parokia moja yaweza kuwa na vijiji vingi vilivyotawanyika mbali. Kwa hiyo kazi ya kila siku hufanywa na walei. Yupo katekista anayefundisha watoto na watu wazima. Yupo kiongozi wa jumuiya anayeendesha ibada ya Jumapili pasipo padre. Na yupo mlezi wa vijana, ambaye kwa Kireno cha Msumbiji huitwa animador. Huyu siku za kazi ni mkulima katika shamba lake, ambalo huko huliita machamba, au ni mvuvi, au mwalimu wa shule, au mshona nguo. Jioni na siku za mapumziko ndiye mwalimu wa kwaya, mwamuzi wa mpira, msuluhishi wa ugomvi na mshauri wa wachumba.

Yeyote aliyepata kulea vijana kumi na watano kwa pamoja atafahamu kwamba kazi hii si nyepesi hata wakati wa amani.

KANISA LILILOZOEA KUPOTEZA MAJENGO

Ili kuelewa jinsi walezi hawa wanavyoweza kuendelea, yafaa kutazama nyuma kidogo.

Misioni ya Nangololo, katika nchi ya Wamakonde, ilianzishwa mwaka 1924 na wamisionari wa shirika la Montfort. Mwaka 1957 liliundwa jimbo Katoliki la Porto Amélia, mji ambao baada ya uhuru uliitwa Pemba. Mwaka 1964 ulikuwa wa misukosuko: mwezi wa Agosti padre Mholanzi, Daniel Boormans, aliuawa karibu na Nangololo, na tarehe 25 Septemba FRELIMO, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilianza vita vya ukombozi kwa shambulio la Chai. Kwa miaka kumi Wamakonde maelfu walivuka Ruvuma wakaingia Tanzania, na wengi walipokewa katika mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma. Misioni nyingi zilibaki tupu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, shule, hospitali na nyumba nyingi za misioni zilitaifishwa. Wamisionari wengi waliondoka. Hapo maaskofu, mapadre na walei wa Msumbiji walikutana Beira mwezi wa Septemba 1977 katika mkutano mkuu wa kwanza wa kichungaji wa taifa, wakaamua jambo ambalo matokeo yake yanaonekana hata sasa. Waliamua kwamba Kanisa lao lisitegemee majengo wala wageni, bali jumuiya ndogo ndogo za waumini, na kwamba kila jumuiya igawane huduma zake yenyewe: wa kufundisha, wa kutembelea wagonjwa, wa kusuluhisha, wa kulea vijana. Uamuzi huo ulitokana na shida, lakini uliwafundisha watu wa kawaida kwamba Kanisa ni mali yao na mzigo wao.

Gharama yake haikuwa ndogo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992, makatekista walikuwa mara kwa mara miongoni mwa waliouawa. Tukio linalokumbukwa sana ni la Guiúa, katika mkoa wa Inhambane, ambako usiku wa Machi 1992 makatekista na jamaa zao, zaidi ya watu 20, waliuawa baada ya kutekwa katika kituo walikokwenda kujifunza kazi yao. Waliuawa miezi michache tu kabla ya mkataba wa amani kutiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

Kwa hiyo mlezi wa vijana wa Cabo Delgado anapoona kanisa lake limechomwa moto, hayuko katika jambo ambalo wazazi wake hawakupata kuliona. Babu yake alisali porini. Mama yake alifundishwa katekisimu chini ya mwembe.

MITIHANI YA MIAKA HII

Hata hivyo, mitihani iliyowapata tangu mwaka 2017 ni mizito.

Tarehe 7 Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, wapiganaji waliwakusanya vijana wakawataka wajiunge nao. Vijana hao walikataa. Polisi wa Msumbiji walitangaza baadaye kwamba 52 waliuawa siku hiyo. Siku tatu baadaye, Ijumaa Kuu, misioni ya Nangololo ilivamiwa, na mwishoni mwa mwaka huo huo ilishambuliwa tena na kuharibiwa, pamoja na redio ya jamii iliyokuwa ikiendeshwa hapo. Mwezi wa Agosti 2020, mji wa Mocímboa da Praia ulipotekwa, masista wawili wa Shirika la Mtakatifu Yosefu wa Chambéry walichukuliwa mateka. Waliachiliwa baada ya siku 24. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na watu wakakimbilia porini na baharini.

Zikaongezeka na tufani. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani kaskazini ya Pemba, kikabomoa nyumba nyingi za Ibo na Macomia. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kilitua Mecúfi, kusini ya Pemba, kikaua watu zaidi ya 100 nchini humo. Hivyo familia iliyokimbia bunduki kutoka kaskazini ilijenga kibanda cha miti na makuti huko kusini, na upepo ukakichukua.

Ni kweli kwamba majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yaliukomboa mji wa Mocímboa da Praia mwezi wa Agosti 2021, na watu wengi wamerejea makwao. Lakini hatari haikwisha. Mwezi wa Februari 2024 kanisa la misioni ya Mazeze, wilaya ya Chiúre, lilichomwa moto. Mwezi wa Mei mwaka huo mji wa Macomia ulivamiwa. Na mwezi wa Julai 2025 makumi ya maelfu ya watu walikimbia tena kutoka vijiji vya Chiúre.

Katika mwezi wa Oktoba 2020, madau na mashua zilizojaa watu zilikuwa zikitua kila siku katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Wenyeji wa mtaa huo, wengi wao Waislamu na maskini, waliwapokea wageni katika nyumba zao. Caritas ya jimbo la Pemba ilikuwa hapo pamoja na mashirika mengine, ikigawa chakula na mablanketi. Askofu Luiz Fernando Lisboa, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 2013 hadi 2021, aliifikisha sauti ya watu hao duniani, na mrithi wake, Askofu António Juliasse Ferreira Sandramo, ameendelea na kazi hiyo. Lakini kupanga foleni, kuandika majina na kuwakalisha watoto waliopotezana na wazazi kwahitaji mikono mingi. Katika kila dhiki ya namna hii walei ndio wanaotangulia, na mara nyingi hao nao ni wakimbizi.

KWA NINI VIJANA HUVUTWA

Mlezi wa vijana ambaye haelewi kinachomvuta kijana atafanya kazi gizani. Sababu ni zaidi ya moja.

Kwanza ni ufukara. Cabo Delgado ni miongoni mwa mikoa maskini ya Msumbiji, ingawa chini ya bahari ya Palma iligunduliwa gesi nyingi kuanzia mwaka 2010, na rubi huchimbwa Montepuez. Kijana huona magari makubwa yakipita, na yeye hana kazi wala cheti cha shule. Anapotokea mtu akimwahidi fedha za kununua pikipiki au mtaji wa biashara ya samaki, ahadi hiyo huingia masikioni kwa urahisi.

Pili ni nguvu. Vijana wengi hawakujiunga, bali walitekwa. Mwaka 2021 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti kwamba kundi hilo liliteka watoto wa kiume na kuwatumia vitani. Wasichana walichukuliwa na kuozwa kwa nguvu.

Tatu ni mafundisho potofu yanayojivika joho la dini. Hapa pana neno la kusisitizwa. Masheikh wa pwani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulionya taifa juu ya kundi hilo, hata kabla ya mwaka 2017, na Waislamu wengi wameuawa nalo. Mlezi wa Kikristo anayewaambia vijana wake kwamba adui yao ni Uislamu amewapotosha, tena amefanya kile ambacho wapiganaji wanakitaka. Kijana wa Kimakonde aliyepewa hifadhi na mama wa Kimwani huko Paquitequete anaijua kweli hiyo bila kufundishwa.

NYENZO ZA KAZI

Watu wanapotaka kuwasaidia walezi wa vijana, hufikiri mara moja habari ya vitabu, magitaa na vipaza sauti. Vitu hivyo vyafaa, lakini huungua na huibwa. Zipo nyenzo nyingine ambazo mlezi hukimbia nazo bila kuzifunga mzigo.

Ya kwanza ni kujua namna ya kumhudumia mtu aliyejeruhiwa moyo. Kijana aliyeona baba yake akiuawa aweza kukosa usingizi, kushtuka kwa kila kishindo, kukaa kimya siku nyingi, au kuwa mkali na mgomvi. Huo si utundu wala si pepo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine, lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotafsiriwa katika lugha nyingi, Kireno ikiwamo. Mafundisho yake yamo katika maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mahali ni salama na nani ana shida kubwa zaidi. Sikiliza bila kumlazimisha mtu asimulie yaliyompata. Umwunganishe na ndugu zake, na chakula, na mganga, na wote wenye uwezo wa kumsaidia zaidi. Haya yote mtu asiye daktari aweza kuyafanya, mradi ajue mpaka wake na asijifanye tabibu.

Ya pili ni njia ya kufikiri pamoja. Mwaka 1925 padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, alikianzisha rasmi chama cha vijana Wakatoliki wafanyakazi, na njia yake ilienea duniani kote hata ikafika Afrika Mashariki: tazama, pima, tenda. Mathalani, vijana katika kambi ya waliohamishwa wanatazama, wakaona kwamba wasichana huchota maji usiku na njiani husumbuliwa. Wanapima: je, jambo hili ni la haki mbele ya Mungu, na chanzo chake ni nini? Kisha wanatenda: wanapanga zamu ya kuwasindikiza, na wanamwomba mkuu wa kambi abadili saa za kufungua bomba. Jambo ni dogo, lakini kijana aliyelitenda hajioni tena kuwa mzigo wa kugawiwa unga. Amekuwa mtu wa kutegemewa.

Ya tatu ni lugha. Katika kambi za Metuge au Ancuabe hukutana vijana wa Kimakonde, Kimwani na Kimakua. Kireno ni lugha ya shule, na wengi hawakuimaliza shule. Walio wa kaskazini, wa Palma na Mocímboa da Praia, wengi wao husikia Kiswahili. Mlezi mwenye busara huchagua lugha kwa kutazama nyuso zilizo mbele yake, na nyimbo huzichanganya. Kwaya ni chuo cha lugha kuliko darasa.

Ya nne ni mila njema. Hapa historia ya upande wa Tanzania ina funzo. Huko Masasi, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kazi mwaka 1876, askofu wa kwanza wa dayosisi iliyoundwa mwaka 1926, Vincent Lucas, aliona kwamba jando lilikuwa ndilo shule kuu ya vijana. Badala ya kulipiga marufuku, alikaa na wazee na mapadre Waafrika, wakaunda jando la Kikristo: tohara na mafunzo ya utu uzima yalibaki, sala zikaingizwa, na yale yaliyopingana na imani yakaondolewa. Wapo waliomlaumu, wengine wakisema amekwenda mbali mno na wengine kwamba hakufika. Lakini swali lake bado lina nguvu ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wa Msumbiji wana likumbi, jando lao, na ngoma ya mapiko yenye vinyago vyake. Vita vimetawanya wazee na makungwi waliokuwa wakifundisha. Kijana anayekua kambini asipoambiwa na mtu yeyote lini amekuwa mtu mzima, na mtu mzima hufanya nini, yupo mwingine atakayemwambia kwa kumpa bunduki.

Ya tano ni kazi na akiba. Sala pekee haimtoshelezi kijana mwenye njaa. Wamsumbiji wana desturi waiitayo xitique, ambayo ni upatu wenyewe: kila mmoja hutoa fedha kidogo, na kwa zamu mmoja hupokea zote. Kikundi cha vijana kumi chaweza kununua sindano, nyuzi na kapulana za kushona, au nyavu, au mbegu za mboga. Mlezi aandike kila senti katika daftari mbele ya wote, kwani hakuna kinachoua kikundi upesi kama fedha zisizo na hesabu. Na misaada inapogawiwa, asigawe akiwa peke yake, wala asimpite jirani kwa sababu ya dini yake.

Ya sita ni uaminifu kwa watoto. Kambi ni mahali pa hatari kwa msichana. Mlezi asikae faraghani na mtoto. Wawepo watu wazima wawili, na mmoja awe mwanamke. Asipokee wala asitoe zawadi za siri. Akisikia kwamba mtoto amedhulumiwa, asilifiche jambo kwa kulinda jina la Kanisa; alipeleke kwa wenye mamlaka na kwa wauguzi. Jina la Kanisa hulindwa kwa haki.

MLEZI NAYE HUCHOKA

Wengi hutaka kumtia moyo mlezi kwa kumwambia ajikaze. Neno hilo lafaa siku moja au mbili, halilishi mtu kwa miaka minane. Mlezi huyu naye alikimbia. Naye pengine amezika ndugu, na watoto wake wanalia njaa. Kumwongezea mahubiri ya ushujaa ni kumpakia punda aliyekwisha lala.

Maandiko Matakatifu yana kisa kinachofaa hapa. Nabii Elia, baada ya kukimbia upanga wa malkia Yezebeli, alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena mkate. Safari na kazi mpya vilikuja baadaye, na pamoja navyo alipewa msaidizi, Elisha. Utaratibu huo ni mwema: chakula, usingizi, mwenzi, ndipo kazi.

Kwa hiyo walio juu ya walezi, yaani mapadre, wachungaji na mabaraza ya parokia, wana wajibu ulio wazi. Mlezi asifanye kazi peke yake. Wawe wawili wawili. Wakutane mara kwa mara, si kwa kupeana amri bali kwa kusikilizana. Apewe siku ya kukaa na mkewe na watoto wake. Nauli na chakula cha safari visitoke mfukoni mwake. Na kazi yake itambuliwe mbele ya waumini, kwani heshima ni mshahara ambao hata kanisa maskini laweza kulipa.

Naye mlezi asiyapime matunda kwa wingi wa watu. Paulo Mtume alimwandikia Timotheo, ambaye alikuwa kijana na kiongozi wa jumuiya yenye matatizo, asikubali mtu yeyote audharau ujana wake, na ayakabidhi aliyoyapokea kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha na wengine. Hesabu hiyo ni ya kupokezana, kama mbio za kijiti. Katika kundi la vijana ishirini, akipata wawili watakaolea wengine, hata kama kambi itavunjwa na kila mtu akaenda njia yake, kazi itakuwa imehamia mahali pawili.

VIJANA WANAOREJEA

Liko jambo moja linalowagusa walezi na askari kwa pamoja. Ni habari ya kijana anayetoka porini, aliyetekwa akiwa na miaka kumi na mitatu na kurudi akiwa na kumi na saba. Je, huyu ni mateka au ni adui? Kijiji humwogopa. Mama yake humtaka. Wenzake shuleni humwita jina baya. Na msichana aliyerudi na mtoto mchanga hukuta milango imefungwa zaidi.

Sheria ina sehemu yake, na uchunguzi ni kazi ya vyombo vya dola. Mlezi asijitwike kazi hiyo, wala asimfiche mtu. Lakini baada ya sheria kusema, mtu huyo lazima aishi mahali fulani. Akikosa pa kuketi miongoni mwa watu, anajua njia ya kurudi alikotoka. Hapo kikundi cha vijana wa kanisa, pamoja na vijana wa msikiti wa jirani, chaweza kufanya kile ambacho kikosi kizima hakiwezi: kumpa nafasi katika timu ya mpira, kumwita kwa jina lake la zamani, kumfundisha ufundi, kumpa kazi ya kubeba jembe la mwenzake.

Askari naye ana sehemu. Kijana wa pwani humtazama mwenye sare kwa macho makali kuliko anavyodhani. Akimwona ananunua samaki kwa bei yake, anawaamkia wazee, hawasumbui wasichana, wala hamdhanii kila mvaa kofia kuwa adui, basi mlezi wa vijana amepata msaidizi bila kumwomba. Akiona kinyume chake, mafunzo ya mwaka mzima huharibika kwa siku moja.

NA NYUMBANI JE?

Jamaa za askari na polisi zisidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Tarehe 14 Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoa wa Mtwara, kilivamiwa na watu waliovuka kutoka ng'ambo. Mto haumzuii mtu, na ahadi za uongo hazina haja ya daraja. Katika kota na mitaa yetu wapo vijana wasio na kazi, ambao baba zao wako kazini mbali kwa miezi mingi, na mama hulea peke yake.

Wapo pia walezi wa vijana katika makanisa na misikiti ya mtaani. Mzazi amjue mlezi wa mwanawe kwa jina na kwa sura. Amtembelee. Aulize kikundi kinafundisha nini, na fedha zake zinawekwa wapi. Akiona mlezi anafaa, amsaidie: kwa sahani ya chakula siku ya mkutano, kwa kiatu cha mpira kilichokwisha mbana mtoto wake, kwa kumfundisha kijana mmoja kushona au kutengeneza baiskeli. Na kijana wake anaporudi jioni, asimwulize tu alikuwa wapi. Amwulize amejifunza nini, akae kitako asikilize jibu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Walezi wa Cabo Delgado wanaifanya kazi hii katikati ya moto na tufani, bila paa na bila mshahara, kwa kuwa wanajua kwamba kijana hawezi kuwekwa akiba mpaka vita viishe. Anakua leo. Atakayemlea leo ndiye atakayeamua kesho atashika nini mkononi.